Malaika wa Kompare Baldomero

Harufu ndiyo iliyonipokea, kabla ya mbwa. Nilikuwa nashuka na nyumbu wangu kutoka milimani, viriba vya mvinyo vikining'inia mbavuni mwao, na pale kwenye kona ya mwisho kabla ya kilabu cha Baldomero nyumbu wa mbele akasimama, akapandisha mdomo wa juu, akagoma. Nikamtandika fimbo. Alikuwa na haki yake, kwa maana hatua chache mbele hata mimi nilisimama.

Mrehani, ubani, pombe iliyomwagika, mafuta ya nyama. Na chini ya hayo yote kitu kingine. Nimelala kando ya maiti vitani, nimefukua watu waliofunikwa na theluji kwenye njia za juu. Pua yangu haihitaji kuambiwa.

Ndani gitaa lilikuwa linapigwa. Jua la Januari lilikuwa utosini, na watu walikuwa wanacheza.

"Ingia, mzee Eleuterio!" Baldomero aliniita kutoka mlangoni, mikono ameipanua. "Ingia umsalimu malaika wetu! Umekuja siku ya baraka."

Bonde zima la Quilmahue lilimwita kompare, kama wazazi na wasimamizi wa ubatizo waitanavyo, kompare kwa mwanamume na komare kwa mwanamke, maana alikuwa baba wa ubatizo wa watoto wengi kuliko mipeasi iliyomo humo. Mtu mnene, mikono laini kama ya padri, kicheko chepesi. Ukimwomba akusimamie mtoto kwenye ubatizo hakatai. Akisikia mtoto ni dhaifu, hana maziwa, anakohoa, huja mwenyewe bila kuombwa, na kikofia cha hariri mkononi kama zawadi. Watu walisema ana moyo wa huruma. Mimi nilikuwa nimepita bonde lile miaka mingi, nami nilikuwa nimekwisha kujiuliza huruma gani hiyo inayochagua wagonjwa tu.

Nikaingia.

Mezani, juu ya shuka nyeupe yenye madoa ya mafuta, walikuwa wameweka kiti kidogo, na kitini amekaa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Wamemfunga kifuani na utepe asianguke. Kanzu nyeupe, taji la maua ya karatasi, mashavu yamepakwa rangi nyekundu iliyotoka kwenye karatasi hiyo hiyo ya maua. Mgongoni mabawa mawili, makubwa kuliko yeye, ya karatasi ya buluu na nyeupe iliyogandishwa kwa gundi ya unga. Macho yako wazi. Nikasogea, nikaona kwa nini: chini ya kila kope wameegesha kipande cha njiti ya kiberiti.

Nzi alitembea kwenye mdomo wa chini, akasimama, akasugua mikono yake.

Delfina, mke wa Baldomero, mama wa ubatizo, akamfukuza nzi kwa kitambaa kilicholowa pombe kali, kisha kwa kitambaa kile kile akampangusa mtoto kidevu. Kulikuwa na kitu cha kupangusa. Sitakisema.

"Mzuri eh?" akaniuliza. "Mabawa nimeyakata mwenyewe."

Mlevi mmoja akanipita, akabusu vidole vya mtoto kwa mlio, akarudi kwenye meza ya karata. "Malaika wangu, nipe mfalme mmoja tu!" Wenzake wakacheka, wakagonganisha bilauri kwa afya ya malaika. Mwingine akaweka sambusa ya tanuri iliyoumwa nusu pembeni ya kiti, mafuta yakachirizika hadi kwenye kiatu kidogo cheupe. Hakuna aliyeiondoa.

"Mtoto wa nani?" nikamuuliza Baldomero.

"Wa Zoila, mfua nguo. Abelino. Kikohozi kilimchukua Alhamisi alfajiri, Mungu ana makusudi yake."

"Leo Jumamosi."

"Najua kuhesabu siku, mzee."

"Na maziko?"

"Maziko yana haraka gani? Tunamsubiri baba yake, kompare Liborio, ashuke na mbuzi. Au unataka baba asimwone mwanawe?"

"Nani amepanda kumwita?"

Baldomero akatabasamu. "Habari za msiba zina miguu yake, mzee. Zinapanda zenyewe."

Walio karibu wakacheka. Basi nikaelewa kwamba hakuna aliyepanda.

Zoila alikuwa ameketi kwenye benchi ukutani, katikati ya wanawake wawili waliombana kama magunia. Mwanamke mwembamba, mikono imechubuka kwa sabuni. Macho yake makavu kabisa, mekundu pembeni, kama ya mtu aliyetazama moto mchana kutwa. Kila kidevu chake kilipotetemeka, mmoja wa wale wawili alimfinya paja na kusema, "Mabawa, komare. Mabawa."

Ndiyo imani yao kule, na wameinyonya na maziwa. Mtoto mdogo aliyebatizwa akifa si maiti, ni malaika, kwa hiyo huchezewa ngoma wala haliliwi. Na mama ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote, asidondoshe chozi. Chozi la mama huenda moja kwa moja kwenye mabawa ya mtoto, yakilowa hapai tena, hubaki njiani kati ya mbingu na ardhi, akitapatapa kama popo mvuani. Nimewaona akina mama wa kule wakiuma mitandio yao hadi ikatoboka.

Wale wanawake wawili walipoinuka kwenda kuchukua pombe, nikakaa karibu naye, nikampa maji ya kibuyu changu. Alikunywa kama mtu anayefanya kazi aliyoagizwa.

"Mzee, unakwenda mjini?"

"Nakwenda."

"Unapita makaburini?"

"Ndiyo njia yangu."

"Nisaidie nimzike." Alisema bila kugeuza shingo. "Mwanangu ananuka. Wanasema ni mrehani umenyauka. Mimi nilikuwa nanusa kichwa chake kila asubuhi, nitadanganywa na mrehani?"

"Si umchukue tu, dada yangu? Ni wako."

"Nimeomba jana. Nimeomba leo. Malaika ni wa wazazi wa ubatizo mpaka wamwachie, ndiyo desturi. Nikimnyakua kwa ugomvi nimemtoa kwenye baraka, na sina kijiji kingine cha kwenda kufua. Nimemwambia kompare, angalau mfumbeni macho. Akasema malaika hufurahi kuwaona wageni wake."

Nikasimama nikamwendea Baldomero. Sijui kusema kwa kuzunguka. "Mpe mama mwanawe akamzike. Joto hili si la kucheza nalo."

"Joto!" akasema kwa sauti, wote wasikie. "Sikilizeni, mzee Eleuterio ametuletea habari kwamba kuna joto!" Kisha akanisogelea, pumzi yake kitunguu kitupu. "Wewe mbeba mvinyo. Huna mke, huna mtoto, huna hata kaburi la mtoto. Unajua nini juu ya malaika? Teremsha viriba vyangu, unywe kimoja cha bure, uende zako."

"Viriba hivi havishuki hapa leo."

"Visishuke. Mvinyo umejaa mabonde yote. Malaika ninaye mimi peke yangu."

Nikatoka nje kuwafunga nyumbu kivulini, na kule nyuma ya zizi nilikuwa bado nainama kwenye kamba nilipoona gari la ng'ombe linaingia uani. Aliyeteremka ni Clorinda, mjane mwenye kilabu ng'ambo ya mto, mwanamke wa maneno makavu na viatu vizuri. Baldomero alimfuata hadi kwenye pipa la maji, hatua chache tu kutoka nilipokuwa. Hawakuniona, au waliniona na kunihesabu pamoja na nyumbu.

"Nimekuja kumwazima," alisema Clorinda. "Hadi Jumatatu. Kesho kwangu kuna mbio za farasi, watajaa."

"Atavumilia kweli? Tumbo limeanza kupanda."

"Nina siki na chumvi. Yule wa mwaka juzi nilimfikisha siku zote za sikukuu, umesahau? Nitamfunga mkanda chini ya kanzu. Mama yake naye aje."

"Mama wa nini?"

"Watu wanapenda kumwona mama asiyelia. Wanakunywa zaidi."

Baldomero akajikuna shingo. "Na mimi napata nini?"

"Binti wa dada yangu, yule akaaye kinuni kunakosagwa ngano, kitoto chake kina kikohozi hiki hiki. Hakijabatizwa. Nitamwambia akuchague wewe."

"Kina hali gani?"

"Hakifiki Jumapili ijayo."

Akafikiri kidogo, kama mtu anayepima ndama kwa jicho. "Basi kesho asubuhi nitapita kwa padri," akasema. Wakashikana mikono.

Nimekula mizoga safarini, njaa haina adabu. Nimekunywa maji ambayo mbwa aliyakataa. Lakini pale nyuma ya zizi nilishika ukuta nikatapika, nikatapika mpaka kikatoka kimiminika cha kijani, na nyumbu wakanitazama. Ulipo mzoga ndipo wakusanyikapo tai, imeandikwa. Lakini tai humngojea aliyekufa, hawaendi kwa padri kuandikisha wa wiki ijayo.

Niliporudi ndani, wale wanawake wawili walikuwa wanacheza. Nikachuchumaa mbele ya Zoila nikamweleza yote, mbio za farasi, siki, mkanda, kile kitoto cha kinuni. Sikumpunguzia. Alisikiliza, na mikono yake ikakunja sketi polepole, kama anayekamua shuka.

"Watamfunga mkanda," akasema.

"Ndivyo nilivyosikia."

"Siwezi kumchukua. Wako wengi."

"Huwezi kwa nguvu. Lakini nikuulize. Ni nini kinachowaleta watu hawa hapa? Ni malaika mwenye mabawa makavu. Akilowa, nani atamtaka?"

Akanitazama kama nimemwambia amkabe koo mtoto wake mwenyewe. "Mzee! Akilowa hapai!"

"Nisikilize, dada. Msimu mmoja nilimvusha padri milima, mzee wa watu, alikuwa amepanda nyumbu wangu wa mbele. Nikamuuliza juu ya malaika hawa wa vilabuni. Akakasirika mpaka akateremka kwenye tandiko. Akasema malaika hajazaliwa na mwanamke hata mmoja. Mungu aliwaumba malaika, hawana mwili, hawakohoi, hawafi. Mtoto aliyebatizwa akifa anakwenda kwa Mungu vile vile alivyo, na jina lake, mwana wa mama yake. Abelino ni Abelino. Ila kila mtoto ana malaika wake mlinzi tangu tumboni, na huyo ndiye anayempeleka. Huyo mabawa yake hayakukatwa na Delfina."

"Padri alisema hivyo?"

"Akiwa amesimama kwenye theluji, soksi zimelowa."

"Na padri wa hapa? Mbona hasemi?"

"Padri wa hapa hula mezani kwa Baldomero kila Jumanne."

Nikaona wazi kwamba hajaniamini. Nusu labda. Na nani angemlaumu? Upande mmoja mzee mnuka nyumbu na padri wake wa mlimani, upande mwingine mama yake, bibi yake, na bonde zima. Kama mimi ni mwongo, basi ni yeye, kwa maji ya macho yake mwenyewe, atakayemfungia mwanawe mbingu. Kama mimi ni mkweli naye akikaa kimya, mwanawe atatiwa siki.

Clorinda akaingia na vibarua wake wawili wa kiume. Baldomero akapiga makofi. "Jamani! Malaika anakwenda kuwabariki ndugu zetu wa ng'ambo! Nicanor, mwimbie wa kuaga!"

Nicanor, mwimbaji, sauti imekauka kwa siku hizo za pombe, akakaza nyuzi. Wimbo wa kuaga huimbwa kwa kinywa cha mtoto, kana kwamba ndiye anayesema.

Kwaheri mama kwaheri,
mwanao naenda juu,
machozi yako hatari,
yatanishika miguu.

Wale wanaume wakashika kiti huku na huku. Kilipoinuka, kichwa cha mtoto kikaanguka mbele, njiti moja ikadondoka mezani, jicho moja likajifumba nusu. Kitu cheusi kikashuka puani juu ya ile rangi nyekundu. Mtu mmoja akacheka. "Anatukonyeza! Malaika anatukonyeza!" Na chumba kizima kikaangua kicheko.

Zoila akasimama.

Wanawake wakampisha, wakidhani anakwenda kumbusu. Delfina hata alimpa kitambaa kile cha pombe. Zoila hakukipokea. Alimzunguka mtoto, akashika bawa moja kwa mkono huu na la pili kwa mkono ule, akazika uso wake katikati ya mabawa, akalia.

Sijapata kusikia kilio kama kile, na sitasema kilikuwa kizuri. Kilitoka na kamasi, na mate, na mlio wa chini kama wa ng'ombe anayezaa vibaya. Siku zote zile za ukavu zilimtoka kwa pamoja. Alisugua uso wake kwenye karatasi huku na huku, na buluu ikayeyuka ikamshuka mashavuni, na gundi ikalainika, na bawa la kushoto likajinyonga, likang'oka, likaangukia kwenye dimbwi la pombe sakafuni.

"Amemlowesha!" Delfina akapiga yowe. "Mama Bikira, amemlowesha!"

Mlio wa gitaa ukakatika. Aliyekuwa anacheka alijifanyia ishara ya msalaba kwa mkono ulioshika sambusa. Wakaanza kutoka, kinyumenyume, hakuna aliyetaka kumpa mgongo malaika aliyelowa, maana wanasema humfuata mtu nyumbani. Wacheza karata waliacha karata zao. Wale wanaume wa Clorinda walikibwaga kiti mezani kama kimewaunguza.

"Mchukue, komare Clorinda," akasema Baldomero, bado anajaribu kutabasamu. "Tutabandika mengine. Karatasi ipo."

"Nimchukue nani? Huyo?" Clorinda alikuwa amekwisha fika mlangoni. "Mikosi yako kaa nayo. Na kile cha kinuni usahau kwanza, mpaka nyumba yako inyunyiziwe maji ya baraka."

Baldomero akabaki katikati ya chumba kitupu. Akamgeukia Zoila, na ule ukompare wote ukawa umemtoka usoni. "Mtoe!" akafoka. "Mtoe na uchafu wake! Meza yangu inanuka!"

"Sasa ndiyo unanusa, bwana?" nikamwambia.

Zoila alifungua utepe. Akatoa ile njiti iliyobaki, akalifumba jicho kwa kidole gumba, na la pili. Nikampa poncho yangu, vazi la sufu la mlimani, akamviringisha. Kisha, na hili lilinishangaza, akainama akaliokota lile bawa dimbwini, akalinyofoa na lile la kulia, akayabeba yote mawili mkononi kama mtu anayebeba kuku wawili.

Nikamtua nyumbu wa mbele viriba vyake, nikawapakia wenzake. Yule mgomaji alimpokea mtoto mgongoni bila neno. Zoila alitembea pembeni, mkono juu ya mzigo, akiwa analia bado, sasa polepole, kama mvua iliyokwisha kupata njia yake.

Makaburini padri hakuwepo. Mtunza kanisa, mzee kiziwi nusu, alinipa koleo akasema ardhi ile ni ngumu, nianzie pembeni. Nilichimba, tukamshusha mtoto. Poncho ile niliiacha humo, sikuitaka tena, na nasema hivyo bila aibu. Mtunza kanisa alivua kofia akasema maneno ya maziko aliyoyashika kwa kumsikia padri, kwa sauti kubwa kama wasemavyo viziwi: "Malaika wakupeleke peponi, Abelino, watakatifu wakupokee mlangoni."

Zoila akageuka haraka. "Kasema nini? Wakupeleke?"

"Wakupeleke," nikamwambia.

"Basi wanambeba. Hatembei mwenyewe."

"Malaika hawezi kubebwa na malaika, dada. Anayebebwa ni mtoto."

Akayatazama yale mabawa mkononi mwake, matambara ya buluu yaliyokunjamana, yananuka pombe na unga uliochacha. "Kwa hiyo haya hayahitaji?"

"Hayahitaji."

"Kile kitoto cha kinuni," akasema, "huyo binti namjua. Namfulia. Kesho nitawahi kabla ya misa. Nitamwomba anichague mimi."

"Mwombe."

Nilishika koleo nifukie. Jua lilikuwa linawaka, na nilitaka kuondoka pale, nilitaka mto, sabuni, upepo wa juu usiokuwa na mtu. Lakini Zoila alinishika mkono.

"Subiri kidogo, mzee."

Akaenda kwenye kichaka cha miiba ukutani, akayatundika mabawa juani, moja hapa, jingine pale, akiyanyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha mashati ya watu.

"Si nimekwambia hayahitaji?"

"Nimesikia," akasema. "Hata hivyo."

Nzi wakaifuata ile gundi. Akawa anawafukuza kwa mtandio, mmoja mmoja, na mimi nikakaa kwenye tuta la udongo, kofia puani, tukingoja karatasi ikauke.